Kusoma Riwaya ya Ukoo Katika Mapinduzi ya Urusi

Riwaya ya kwanza ya ukoo wa Kirusi niliyoishika niliiacha njiani mara mbili, na mara zote mbili kilichonishinda ni majina. Kwa kurasa kama sitini niliamini kwamba Aleksandr Petrovich, bwana mkubwa mwenye kiwanda, na Sasha, anayeingia jikoni bila hodi kudokoa chakula, ni watu wawili. Kumbe ni mtu yuleyule. Warusi huandamanisha jina la mtu na jina litokanalo na la babake, hivi kwamba mwana wa Pyotr huwa Petrovich na binti yake Petrovna, ilhali wa nyumbani humwita kwa jina la kufupisha. Ukishalielewa hilo, majina yanageuka kuwa msaada, kwa sababu mke aliyezoea kusema Sasha akianza ghafla kusema Aleksandr Petrovich, unajua mambo yameharibika kabla mwandishi hajakueleza.

Kwa hiyo chukua karatasi, uchore nasaba mwenyewe kadiri wahusika wanavyojitokeza, na usitegemee ile iliyochapishwa mwanzoni mwa kitabu, ambayo mimi ilinifichulia ndoa mbili na kifo kimoja kabla ya sura ya kwanza.

Pembeni mwa nasaba hiyo weka tarehe, nazo zina mtego wake. Urusi ilitumia kalenda ya kale iliyokuwa nyuma kwa siku 13, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba, ambamo wakomunisti walitwaa serikali tarehe 25 Oktoba 1917, kwingineko yalihesabiwa kuwa ya tarehe 7 Novemba. Niliwahi kumlaumu mwandishi kwa barua iliyoonekana kufika kabla ya kuandikwa, kumbe ilitumwa kutoka Paris, iliyotumia kalenda mpya. Kalenda ilipobadilishwa mwaka 1918, siku iliyofuata tarehe 31 Januari ilikuwa 14 Februari.

Wako wanaoshauri kusoma kwanza historia nzima ya mapinduzi; mimi sikubaliani nao. Ukijua mapema kwamba Tsar (mfalme) Nikolai wa Pili atajiuzulu Machi 1917, unaanza kuwacheka wahusika wanaopanga harusi ya kiangazi, wakati wao hawana habari, wanaona tu foleni za mkate zikirefuka na wafanyakazi wanawake wakigoma. Soma mpaka familia hiyo uizoee, ndipo utafute maelezo mafupi ya mwaka huo.

Baada ya hapo, angalia nyumba zaidi ya hotuba. Serikali mpya iligawa makazi ya matajiri na kuingiza humo familia nyingine, zikawa zinatumia jiko moja, na katika riwaya nyingi mapinduzi hujulikana kwa nani amehamishiwa chumba kipi. Mimi niliichora nyumba chini ya nasaba, vyumba tisa, nikawa nakata kimoja kimoja kila familia iliponyang'anywa. Nilipofika sura ya mwisho kilikuwa kimebaki cha nyuma, chenye majina manne ndani yake.