Ukiandika haiku kuhusu jengo la kale, usilibebe lote

Haiku ni shairi fupi la asili ya Kijapani, mistari mitatu yenye mizani, yaani silabi, 5, 7 na 5. Yangu ya kwanza kuhusu jengo la kale niliiandika nimesimama mbele ya ngome, daftari mkononi, moyo umejaa. Ilikuwa hivi:

Ngome ya kale,
fahari ya wahenga
yaishi leo.

Mizani imetimia: 5, 7, 5. Lakini nilipoisoma tena usiku, sikuiona ngome yoyote mle ndani. Hayo ungeweza kuyasema juu ya piramidi, hekalu, msikiti au daraja, tena bila hata kutoka nyumbani. Niliandika nyingi za namna hiyo kabla sijaelewa kosa liko wapi, na ndiyo sababu namwandikia yeyote anayetaka kuanza.

Kosa lilikuwa kutaka kulibeba jengo zima. Mizani 17 hazibebi ukuta mmoja, sembuse karne tano. Zinabeba kitu kidogo ulichokiona kwa macho yako, siku hiyo, saa hiyo. Ukale utaingia wenyewe.

Mwalimu wangu katika hili ni Matsuo Bashō, mshairi mashuhuri wa haiku wa Japani. Mwaka 1689 alifika Hiraizumi, kaskazini mwa Japani, miaka 500 kamili tangu Minamoto no Yoshitsune, shujaa wa vita, kufia hapo mwaka 1189. Alitandika kofia yake chini, akaketi, akalia. Ungetarajia haiku iliyojaa majina na mapanga. Aliyoiandika haina jina wala mwaka: ina majani ya kiangazi, na wapiganaji ambao ndoto zao zimebaki alama tu. Majani yale yalikuwa mbele ya macho yake.

Hapo hapo Hiraizumi kuna ukumbi uliopakwa dhahabu, Konjikidō, uliomalizika mwaka 1124. Kuhusu huo Bashō alitaja mvua za mwezi wa tano, kana kwamba ziliuruka zisiulowanishe. Ukweli ni kwamba ukumbi ule umejengewa jengo jingine la kuukinga. Katika maelezo ya safari yake anakitaja kifuniko hicho. Kwenye haiku anakiacha. Nimejifunza mengi kutokana na kuacha kule. Kilichobaki ni mvua na mng'aro, na miaka 565 imo humo bila kuhesabiwa.

Masaoka Shiki naye, mshairi mwingine wa haiku wa Japani, mwaka 1895 aliandika kuhusu Hōryū-ji, hekalu lenye majengo ya mbao yaliyo miongoni mwa ya kale zaidi duniani yanayosimama hadi leo. Anakula tunda la persimoni, kengele inalia. Basi. Hekalu linaingia kwa sikio huku mdomo una utamu.

Kwa hiyo ushauri wangu: ukifika, usianze na kibao cha maelezo. Kisome mwishoni. Tafuta pa kukaa, ukae hadi uchoke kuangalia kile kila mtu anachokipiga picha. Gusa ukuta. Angalia palipolika, palipozibwa, mlango uliopunguzwa, jiwe la rangi tofauti. Angalia nani anaishi humo sasa, maana mara nyingi ni popo, mijusi na ndege. Mimi nilikaa hivyo kwenye ngazi za mawe baada ya manyunyu. Kila kidato kilikuwa kimelika katikati, kibonde laini kama kiganja, kwa sababu ya miguu iliyopita hapo. Rasimu ya kwanza ilikuwa na neno "karne". Nililifuta. Ikabaki:

Ngazi ya mawe;
maji yametulia
penye unyayo.

Sisi tuliolelewa na mashairi ya vina tuna mtihani wa ziada. Mkono unatafuta kina chenyewe, na mstari wa mwisho unataka kuwa kituo, mstari wa kufungia ubeti. Uzuie. Kituo hufunga, na kazi ya haiku ni kuacha mlango wazi. Badala yake haiku ina mkato, mahali inapokatika na kutua: Wajapani hutumia vineno kama "ya" au "kana", mimi hutumia nuktamkato au kistari, nikiweka vitu viwili kando kwa kando bila kusema "kama".

Kwenye mizani, hesabu kwa vidole na kwa sauti. "Mti" ni mbili, "mzinga" ni tatu, lakini "mvua" ni mbili tu, kwa kuwa m yake imeungana na v. Maneno yetu ni marefu, kitenzi kimoja chaweza kumeza mstari mzima, kwa hiyo wakati mwingine hubadilisha kitenzi mara kumi. Kwa maoni yangu, ikibidi kuchagua kati ya mizani 17 na picha iliyo wazi, chagua picha. Ila jaribu kwanza, usikimbilie ruhusa hiyo.

Hii nayo ilitoka kwenye ngome ile ile ya mwanzo, nilipoinama kuchungulia:

Kiota kipya;
mdomo wa mzinga
ungali wazi.

Mzinga ni wa baruti, na ni wa nyuki pia. Sikuuondoa utata huo. Lugha ilinipa zawadi, nikaipokea.

Kisha rudi. Haiku inataka majira, na jengo la masika si jengo la kiangazi. Niliporudi kwenye zile ngazi wakati wa jua kali, vibonde vilikuwa vikavu, na sikuwa na hamu ya kuandika chochote. Nilikuwa nimeinuka kuondoka nilipotazama chini:

Vumbi ngazini;
sisimizi wapanda,
nami nashuka.