Usitupe Daftari la Kila Siku

Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa chama cha ushirika cha maziwa upande wa Njoro nchini Kenya, na kosa ninalotaka kulieleza tulilitenda kwa nia njema kabisa. Tuliponunua kompyuta ya kwanza, kamati iliamua kwamba jumla ya maziwa ya kila mwezi iingizwe humo, kisha madaftari ya zamani, ambayo yalikuwa yamejaza makabati mawili na kuanza kuliwa na mchwa, yaondolewe. Niliunga mkono uamuzi huo. Madaftari yaliuzwa kwa kilo, na baada ya wiki chache nikaziona kurasa zake zikifungiwa njugu sokoni, majina ya wanachama yakiwa bado yanasomeka.

Hasara tuliiona tulipotaka kununua tanki la kupozea maziwa. Fundi aliyekuja kutushauri alituuliza swali moja tu: siku yenye maziwa mengi kuliko zote, mnapokea kiasi gani? Hatukuwa na jibu. Tanki halijazwi na maziwa ya mwezi mzima. Hujazwa na maziwa ya siku moja, na siku ile ya msimu wa mvua, malisho yakiwa yamestawi na ng'ombe wengi wamezaa, haifanani hata kidogo na siku ya kiangazi. Ukigawanya jumla ya mwezi kwa siku 30 unapata wastani, na chama kinachonunua tanki kwa kufuata wastani kitakosa nafasi ya maziwa siku ile ile wakulima wanapoleta mengi.

Tuliokolewa na daftari moja la kituo kidogo, ambalo karani wake alikuwa amelihifadhi nyumbani. Pembeni mwa ukurasa mmoja aliandika kwa penseli: "Mizani mpya leo." Kabla ya mstari huo kilo za kila mkulima zilikuwa chini, baada yake zilipanda, karibu kwa kiwango kimoja kwa wote, na ng'ombe ni wale wale. Katika kompyuta yetu badiliko hilo lilionekana kama ongezeko la maziwa, na tayari tulikuwa tumeusifia mradi wa lishe kwa sababu yake. Bila maneno yale matatu tungeendelea kuamini hivyo.

Ndiyo maana nawashauri wenye vyama, shule, zahanati na biashara wahifadhi takwimu za awali kama zilivyochukuliwa, pamoja na tarehe, kipimo, chombo kilichotumika na jina la aliyepima. Jumla unaweza kuipata wakati wowote kutoka kwa takwimu za kila siku, lakini za kila siku huwezi kuzirudisha kutoka kwa jumla.

Muda nao una uzito wake. Kimo cha maji ya Ziwa Victoria kimepimwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, na rekodi hizo zinaonyesha kwamba kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mwezi Mei 2020 maji yalikaribia tena kimo cha 1964, na familia nyingi za ufuoni Kisumu zikahama makwao. Mtu aliyetazama vipimo vya miaka 20 pekee asingeweza kujua kwamba ziwa limewahi kufika hapo.

Hata hivyo, si kila kitu kinapaswa kukaa milele. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka 5, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakataza kukaa na taarifa za mtu binafsi kupita muda zinaohitajika. Kilo za maziwa za kila siku zinaweza kubaki hata baada ya majina na namba za vitambulisho kuondolewa. Zile kurasa za njugu, kama ilibidi ziondolewe, zilipaswa kuchomwa, wala si kuuzwa, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mwisho, fungueni nakala zenu mara kwa mara. Katika chama chetu, kila Januari karani hutajiwa tarehe yoyote tangu tulipoanza kuyahifadhi madaftari, naye huitafuta mbele ya kamati, kwanza katika kompyuta, kisha katika daftari lenyewe.