Miaka minne ndani ya jengo la ofisi: kwa anayefikiria kuhamia katikati ya jiji

Mleta mada anauliza hivi: ofisi katikati ya jiji zimebaki tupu, wenye majengo wanazigeuza fleti, na madalali wanasifia. Je, mtaa wa maofisi unaweza kweli kuwa mahali ambapo mtu mwenye uwezo wa kuchagua atapachagua kuishi?

Wakuu waliotangulia wamebishana kuhusu majengo na kodi. Mimi nimeishi huko miaka minne, na jibu langu ni kwamba inawezekana, ila kinachokwamisha ni saa. Mtaa mzima umetegwa kwa saa za kazi, na kuutegua ni shughuli kubwa kuliko kubomoa ukuta na kuweka jiko.

Tulikaa ghorofa ya tisa ya jengo lililokuwa la ofisi za bima. Fleti ilikuwa nzuri kwenye picha. Kuna kitu kimoja hatukukijua: kiyoyozi cha jengo zima kilibaki na ratiba yake ya zamani. Ijumaa saa moja jioni kinazima, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kinawaka. Na madirisha hayafunguki, kioo kimoja kizima kimegandishwa kwenye fremu. Jumamosi ya kwanza tuliamka vichwa vizito, tukashinda mlango wa koridoni ukiwa wazi, tumeuegemeza kwa kiti. Nilipompigia msimamizi wa jengo, alishangaa kwa moyo wote: "Kumbe hata wikendi mnakuwa humo?"

Sikumkasirikia. Alikuwa ameendesha jengo hilo miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kupumua humo siku ya Jumamosi.

Tukija kwenye jengo lenyewe, hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Ofisi za kabla ya miaka ya 1940 zilijengwa nyembamba kwa sababu mwanga wa kufanyia kazi ulitoka nje. Karani akikaa mita nane au tisa kutoka dirishani tayari anapapasa. Taa za mirija zilipoingia sokoni mwaka 1938, na kiyoyozi kikasambaa baada ya vita, wajenzi wakawa huru kunenepesha majengo. Kwa meza za ofisi haina shida, lakini kwa fleti unene huo ni balaa: vyumba vyote vya kulala vinagombea dirisha, na katikati ya sakafu linabaki eneo lenye giza ambalo halifai kwa lolote ila stoo. Ongeza vyoo vya ofisi, ambavyo vimerundikwa pamoja karibu na lifti. Kila bafu jipya linadai bomba la maji taka litobolewe sakafu baada ya sakafu. Ndiyo maana jengo kuukuu lenye madirisha mengi mara nyingi linageuka nyumba nzuri kuliko mnara wa vioo wa miaka ya themanini, ingawa kwa macho utapenda mnara.

Chumba cha mtoto wetu kilikuwa humo gizani. Kilipata mwanga wa kuazima kupitia kipande cha kioo juu ya mlango, yaani sebuleni ukizima taa, kwake kunakuwa usiku.

Mkiona nalalamika sana, tazameni Uingereza. Mei 2013 serikali iliruhusu ofisi zigeuzwe makazi bila kuomba kibali kamili cha mipango miji. Nyumba zilipatikana haraka, na ndani yake zikapatikana fleti zisizo na dirisha hata moja. Ilifika 2020 ndipo sheria ikadai kila chumba kikuu kipate mwanga wa asili, na 2021 ndipo vipimo vya kitaifa vya ukubwa vikawa lazima, angalau mita za mraba 37 kwa fleti ndogo kabisa ya mtu mmoja. Kwa miaka yote ya katikati, watu walipangishwa makabati kihalali.

Sasa saa. Usiku mmoja wa Jumamosi mtoto alipata homa. Duka la dawa lilikuwa chini kabisa ya jengo letu, naweza kuliona bango lake nikiwa kwenye lifti ya kioo. Limefungwa tangu Ijumaa jioni, kama kinyozi, kama fundi viatu, kama kila mtu. Nilitembea dakika thelathini na tano kwenda mtaa mwingine kutafuta dawa ya maji ya mtoto, nikipita benki saba zenye taa zinawaka na hakuna mtu ndani. Baadaye nilimuuliza mwenye duka kwa nini hafungui wikendi. Akaniambia, tena kwa upole, kwamba mimi ndiye mteja pekee aliyewahi kuuliza. Duka halifunguliwi kwa sababu hakuna wakazi, na wakazi hawaji kwa sababu duka halifunguliwi. Hakuna dalali anayeweza kukutatulia hilo. Inatakiwa watu wengi wahamie kwa mkupuo, au mtu avumilie hasara kwa muda.

Penye mafanikio, mara nyingi utakuta serikali ilisukuma ule mkupuo. Kusini mwa Manhattan jijini New York, eneo la Wall Street, mwaka 1995 walianza kuwapunguzia kodi wamiliki waliogeuza ofisi kuwa makazi. Mpango ulipofungwa mwaka 2006 zilikuwa zimepatikana nyumba zinazokaribia 13,000, na leo eneo hilo lina wakazi zaidi ya 60,000. Melbourne ya Australia ilianza mwaka 1992, baada ya mdororo wa uchumi kuacha ofisi nyingi tupu. Ninachowapendea Melbourne ni kwamba hawakuishia kwenye misamaha: walipanua njia za waenda kwa miguu, wakapanda miti, wakafungua vichochoro vya nyuma ambavyo zamani vilikuwa vya mapipa ya taka. Walimpa mtu sababu ya kushuka chini saa mbili usiku.

Vancouver ya Kanada nao walifanikiwa mpaka wakajishtukia. Mpango wao wa mwaka 1991 ulitanguliza makazi katikati ya jiji, wajenzi wakaitikia kiasi kwamba mwaka 2004 jiji likasimamisha ujenzi wa nyumba mpya katika sehemu ya kiini cha biashara, wakihofia ofisi zitakosa pa kukaa. Mwaka huohuo ilifunguliwa shule ya msingi karibu na hapo, na ikajaa hadi watoto wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri. Mkitaka kujua kama mtaa umekuwa mtaa, angalieni shule. Fleti za vijana wasio na watoto zinaweza kujazwa popote.

Kuna mfano mwingine ambao watu huusahau. Lile eneo dogo la kale katikati ya London linaloitwa Jiji la London (City of London), kitovu cha mabenki, sensa ya 2021 ilikuta wakazi takriban 8,600 tu, wakati wanaoingia kazini ni mamia ya maelfu. Sehemu kubwa ya wakazi hao wako Barbican, mahali palipoteketezwa kwa mabomu Desemba 1940. Baada ya vita, kata moja ya hapo ilibaki na watu 48. Mamlaka ya jiji ikaamua kwa makusudi kujenga fleti kama 2,000, pamoja na shule, bustani na mabwawa. Leo watu wanazigombea. Kwa hiyo si kwamba binadamu hapendi kulala karibu na benki. Zile nyumba zilipangwa kuwa nyumba tangu msingi, hazikuwa makombo ya ofisi.

Tena huu utengano wa ofisi kule, nyumba huku, si maumbile. Miaka ya 1930 wasanifu mashuhuri wa Ulaya walihubiri kwamba jiji ligawanywe kwa kazi zake. Brasília, mji mkuu wa Brazil uliozinduliwa mwaka 1960, ukajengwa hivyo: una sekta ya mabenki, sekta ya mahoteli.

Kelele? Zipo, ila si zile unazozidhania. Usiku ni kimya. Saa kumi alfajiri ndipo malori ya kushusha mizigo yanaanza kurudi nyuma na ule mlio wao. Na waosha vioo hawana habari kwamba jengo limebadilika: siku moja nimetoka kuoga, taulo kiunoni, nikakutana uso kwa uso na jamaa ananing'inia nje ya ghorofa ya tisa. Akanipungia mkono.

Raha nazo zilikuwepo, nisiwe mchoyo. Kazini nilitembea dakika sita. Jumapili uwanja wa mbele ya benki ulikuwa wetu peke yetu, sakafu ya mawe laini isiyo na gari, na hapo ndipo mtoto alijifunza baiskeli. Wiki ya kwanza mlinzi alitufukuza. Wiki ya tatu ni yeye aliyeshika kiti cha baiskeli kwa nyuma akikimbia na buti zake.

Tulihama mtoto alipofikia umri wa shule. Ya karibu ilikuwa dakika hamsini kwa basi.

Kwa hiyo mleta mada, usiende kuangalia fleti Jumanne saa sita mchana kama dalali anavyotaka. Nenda Jumapili saa kumi jioni, ukatafute kitu kidogo cha kununua. Uliza nani anaendesha kiyoyozi na kwa ratiba ipi, na upewe kwa maandishi. Jaribu kufungua dirisha. Halafu rudi hapa utuambie jengo ni la mwaka gani na chumba cha kulala kiko mita ngapi kutoka ukuta wa nje, tuendelee kutoka hapo.