Kutoa GB 180 Google Drive hadi diski ya nje, na kwa nini faili za .gdoc hazifunguki

Mkuu, umeuliza kwa nini folda ya Drive uliyoikopi kwenye diski ya nje ina faili za .gdoc zenye KB 1 zisizofunguka bila intaneti, na utatoaje GB 180 kabla hujaacha kulipia nafasi.

Ulichokopi ni viungo tu. Hati za Google Docs, Sheets na Slides zinakaa kwenye seva zao, na .gdoc kazi yake ni kukupeleka huko. Akaunti ikifungwa, unabaki na jina la faili. PDF, video na faili za Word ulizopandisha mwenyewe ni faili halisi, zinakopika. Ila programu ya Drive ikiwa kwenye hali ya kutiririsha (streaming, yaani faili zinabaki mtandaoni), kila unachokiburuta kutoka G:, yaani herufi ya Drive kwenye kompyuta, kinashushwa kwanza na kuhifadhiwa kwa muda ndani ya C:, kwa hiyo C: yenye nafasi ndogo inajaa na kazi inakwama katikati.

Anza na diski yenyewe. Ifomati NTFS kama ni Windows tu, exFAT kama itachomekwa na kwenye Mac. FAT32 achana nayo, haipokei faili inayozidi GB 4. Diski ya TB 1 Windows itaisoma kama GB 931 hivi, hapo hujaibiwa. Ikisoma TB 16 na umeinunua kwa bei ya flashi, hapo umeibiwa: ijaribu kwa H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa diski, kabla ya kuweka chochote. Diski bandia inapokea kila kitu, majina na ukubwa vinaonekana sawasawa, ukifungua unakuta takataka.

Kwa asiyependa kuandika amri ipo Google Takeout, huduma ya Google ya kupakua data zako. Ondoa alama zote, bakiza Drive, chagua zip, na ukubwa wa kila kipande weka GB 10. Ukiacha GB 2 utakuwa na zip kama 90 za kuhangaika nazo. Ukiweka GB 50, mtandao ukikatika kwenye GB 43 una hatari ya kuanza upya. Barua pepe yenye viungo huja baada ya saa kadhaa au hata siku kadhaa. Viungo vinaisha muda baada ya wiki moja hivi, na kila kipande kina kikomo cha mara za kukipakua, kwa hiyo usiviguseguse ukiwa na bando la kubahatisha. Zip zote zifungulie sehemu moja, maana folda moja huweza kugawanyika kwenye vipande tofauti. Tumia 7-Zip na njia fupi kama E:\T (E: ni herufi ya diski ya nje). Windows kwa kawaida inagoma njia ya faili ikivuka herufi 260. Hati za Google zinatoka zikiwa docx, xlsx na pptx. Vitu ulivyoshirikishwa na watu wengine havimo.

Kwa GB 180 mimi ningekwenda na rclone, programu ya kukopi faili kwa kuandika amri. Kwa laini ya Mbps 10 mzigo huo ni kama saa 40 mfululizo, na sijui ni mtaa gani umeme na mtandao vinakaa saa 40 bila kuyumba. Endesha `rclone config` mara moja, ipe Drive jina `gdrive`, chagua ruhusa ya kusoma tu ili amri yoyote utakayokosea isifute kitu kule juu. Kisha:

`rclone copy gdrive: E:\Drive -P --bwlimit "08:00,500k 23:00,off"`

Hati za Google inazigeuza yenyewe kuwa docx, xlsx na pptx. Hiyo 500k ni kilobaiti kwa sekunde, yaani kama Mbps 4, ili mchana wengine nyumbani nao wapumue. Saa 5 usiku inaachiwa. Ikikatika, rudia amri ileile: zilizokamilika inaziruka, ile moja iliyokatikia njiani inaianza upya.

Usiandike `sync` badala ya `copy`. `sync` inafuta kwenye diski kila kisichokuwepo Drive, kwa hiyo folda iliyofutwa kule kwa bahati mbaya na nakala yake inaondoka nayo.

Ukiona ujumbe wa "Duplicate object", ujue Drive inaruhusu faili mbili zenye jina moja ndani ya folda moja, diski hairuhusu, na moja imeachwa. Ibadilishe jina kwenye kivinjari, urudie. Mwisho:

`rclone check gdrive: E:\Drive --one-way`

Hii inalinganisha faili kwa MD5, namba inayokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili. Hati za Google hazina MD5, hivyo zima intaneti kabisa ufungue chache kwa mkono, hasa majedwali yenye fomula.

Picha za Google Photos ni habari nyingine. Tangu 31 Machi 2025 programu za nje zinaona tu picha zilizopandishwa na programu hizo zenyewe, hivyo rclone haitakusaidia, rudi Takeout. Kila picha huja na faili ya JSON yenye tarehe na mahali, usizifute. Tarehe inayoonyeshwa na Windows inaweza kuwa ya siku uliyopakua. Ile ya kupigwa picha, kama kamera iliiandika, imo ndani ya picha.

Kabla ya kufuta chochote Drive, nunua diski ya pili ukopi tena, maana ukishafuta, diski moja ndiyo nakala pekee uliyonayo. Na futa kabla malipo hayajaisha: nafasi ya bure ni GB 15 kwa Drive, Photos na Gmail kwa pamoja, ukiizidi hata barua pepe haziingii. Pipa la taka nalo linahesabiwa hadi siku 30 zipite, kwa hiyo limwage mwenyewe.