Wauguzi wangu hunyamaza kikaoni

SWALI: Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya. Mwaka huu nimekabidhiwa dhamana ya kuwa mfawidhi wa wodi ya upasuaji, ambayo wauguzi wake wengi wamenizidi umri. Kikaoni hueleza mipango yangu, kisha huuliza kama kuna maoni, na wote hukaa kimya. Nikishatoka tu, nawasikia wakipeana mawazo mazuri kuliko yangu. Je, niwe mkali zaidi, au niombe kwenda mafunzo ya uongozi?
Sista mfawidhi, Iringa

JIBU: Sista, ukali utawafunga midomo zaidi, na mafunzo, ingawa ni mema, usiyasubiri. Mkubwa akishatangaza mpango wake, anayeongeza neno huonekana anampinga, na hapo ndipo penye shida yako.

Marubani walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa mno. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia kisiwani Tenerife, wakafa watu 583. Sababu zilikuwa nyingi, ukiwamo ukungu mzito, lakini linalokuhusu wewe ni kwamba mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza kama ile nyingine ilikuwa imeshatoka njiani, rubani mkuu akamjibu kwa uhakika kuwa imetoka, na safari ya kuruka ikaendelea. Tangu NASA, shirika la anga la Marekani, ilipoitisha warsha kuhusu suala hilo mwaka 1979, mashirika ya ndege yamekuwa yakiwafundisha wakubwa kusikiliza na wadogo kusema hata pale wanapoona haya.

Kwa hiyo kikaoni taja tatizo, si mpango wako, kisha uwe wa mwisho kusema. Kabla ya siku hiyo, mwendee yule mama mwenye utumishi mrefu kuliko wote, umwombe ushauri faraghani. Wenzake wakijua kwamba ulimtangulizia heshima, hawatakuona mtoto aliyepewa cheo. Wape pia vikaratasi, kila mmoja aandike wazo lake peke yake kabla ya majadiliano, maana utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 1958 ulionyesha kuwa watu wanaofikiri mmoja mmoja, mawazo yao yakikusanywa, hutoa mengi kuliko kundi linalojadiliana. Na kama swali ni mpangilio wa toroli la vidonda, aanze kuulizwa anayelisukuma.

Mahali pa kuanzia pawe makabidhiano ya zamu, kwa sababu hufanyika kila siku. Ripoti isemayo “kitanda cha saba anaendelea vizuri” haimsaidii anayeingia. Mzoeze muuguzi kusema: “Kitanda cha saba amepasuliwa jana, alfajiri presha imeshuka hadi 90 kwa 60, bandeji imelowa damu mara mbili, nina wasiwasi anavuja ndani, naomba daktari aitwe sasa hivi, asisubiri raundi.” Anayepokea arudie alichosikia. Angalia sehemu ya mwisho ya maneno hayo: muuguzi ametoa maoni yake na kuomba hatua, jambo ambalo wengi wetu tulilelewa tusilifanye mbele ya wakubwa.

Wazo usiloweza kulikubali, lijibu katika kikao kinachofuata na ueleze sababu. Lililokubaliwa lijaribuni kwa zamu moja kwanza, na likifaa, mtaje aliyelitoa mbele ya mganga mfawidhi.