Bia za kuwaandalia wageni wa harusi

Umeuliza kama aina sita za bia zitatosha harusini. Kwa maoni yangu ni nyingi mno, kwani wageni wengi hunywa ile waliyoizoea. Chagua laga moja nyepesi (bia ya kawaida ya rangi ya dhahabu) yenye kilevi cha asilimia 4 hadi 5, ambayo ndiyo itakayochukua sehemu kubwa ya manunuzi, kisha uongeze stauti kidogo, yaani bia nyeusi ya nafaka iliyokaangwa, kwa wapendao ladha nzito, pamoja na bia isiyo na kilevi kwa madereva, ambao husahaulika mara nyingi. Laga inywewe baridi, lakini stauti iliyopozwa kupita kiasi hupoteza harufu yake ya kahawa. Chupa za kijani zisiachwe juani, kwa sababu mwanga huitia bia harufu mbaya upesi. Za kahawia huhimili zaidi.