Toa hilo jiko chumbani kwanza

Toa jiko nje, mengine baadaye. Umeuliza hewa inavyosafiri toka puani hadi kwenye damu ili umsaidie mwanao kazi ya shule, halafu katikati ukapachika kwamba baridi ya Njombe imezidi, mnalala na jiko la mkaa, na mkaa ukishashika ukawa mwekundu "hauna moshi, hauna shida". Maneno hayo hayo mama yangu aliambiwa na muuza mkaa, na sote nyumbani tukayameza.

Moshi unaouona unawasha macho, unakohoa, unakimbia. Kaboni monoksidi ni gesi ya sumu, haina rangi wala harufu, na mkaa mwekundu unaitoa, hata ukiufukia majivu. Vinyweleo na kamasi za puani hunasa vumbi, hii zinaiacha ipite. Inashuka kooni, kwenye bomba la hewa na matawi yake, hadi kwenye vifuko vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, vyenye kuta nyembamba mno. Hapo ndipo oksijeni huingia kwenye damu na kubebwa na himoglobini, protini iliyo ndani ya chembe nyekundu za damu. Sasa himoglobini huing'ang'ania kaboni monoksidi zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kifua kinapanda na kushuka kama kawaida, mapafu mazima kabisa, huku ubongo na moyo vinakosa oksijeni.

Mama aliamka kichwa kinamgonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Duka la dawa wakampa dawa ya malaria bila hata kupima! Hadi leo nikipita pale damu inanichemka. Usiku jiko likarudi chumbani. Kesho yake tulivunja mlango. Zahanati wakambana kidoleni kile kifaa cha kupimia oksijeni, kikasoma asilimia 98, wakasema oksijeni iko vizuri. Kifaa hicho cha kawaida hakitofautishi himoglobini yenye oksijeni na yenye kaboni monoksidi. Hospitali tulikopelekwa baadaye, daktari aliposikia tu habari ya jiko akamvalisha barakoa ya oksijeni papo hapo. Alipona, ila kumbukumbu yake haijawa ile ya zamani.

Mkaa haulali na watu. Usiniambie dirisha liko wazi kidogo, wala bakuli la maji pembeni, maji hayaiondoi. Ongezeni mablanketi.

Na huyo mtoto uliyesema huamka kichwa kinamuuma, akitoka nje kinapoa, mpeleke hospitali leo, na utaje jiko kabla hawajakuuliza.